Somo la Mekanike: Sababu Gani Mama Anapita na Kamio Inakwama



Katika namba iliyopita ya gazeti letu ndugu mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza swali, na hakuna aliyemjibu. Aliuliza: "Sababu gani mama mwenye kitunga cha mihogo anapita katika potopoto ya barabara, lakini kamio yenye nguvu ya farasi mia mbili inakwama palepale?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hili ni mekanike yenyewe. Tena kuna jambo lililonipata mwezi wa kumi katika njia ya msituni, ambalo sijalieleza kwa watu wengi, na jibu la ndugu yetu limo ndani yake. Sherti kwanza tufanye hesabu.

Tuseme mama ana kilo 60 na kitunga chake kilo 30. Jumla ni kilo 90. Anapokanyaga kwa mguu mmoja, unyayo wake unashika chini karibu santimeta 150 za mraba. Gawanya: kila santimeta ya mraba inabeba kilo 0,6. Sasa angalia kamio. Uzito wake wote umekaa juu ya mipira, na mpira umejaa hewa. Kuna kanuni nyepesi ambayo si ya usahihi kabisa lakini inatosha kwetu: presio ambayo mpira unatia juu ya udongo ni karibu sawa na presio ya hewa iliyo ndani yake. Kamio yenye mizigo inajazwa bari 7. Kwa hiyo kila santimeta ya mraba inabeba karibu kilo 7. Hii ni zaidi ya mara kumi ya mguu wa mama! Udongo uliolowa hauwezi kubeba hivyo. Unakubali, gurudumu linashuka, linatafuta mahali pagumu chini, na kama halipati, ponti inalala juu ya matope na safari imekwisha.

Nguvu za motere hazisaidii hapa. Motere inazungusha gurudumu tu, haibebi gari.

Ndiyo sababu Wafaransa Haardt na Audouin-Dubreuil, walipovuka Afrika kwa magari ya Citroën na kupita mji wetu wa Kisangani, wakati ule Stanleyville, mwaka 1925, magari yao hayakuwa na magurudumu ya kawaida nyuma. Yalikuwa na mkanda mpana wa mpira, kama katapila. Waligawanya uzito juu ya nafasi kubwa. Sisi hatuna mkanda ule, lakini tuko na njia ya kupunguza hewa, nitaieleza.

Sasa nieleze safari. Mwezi wa kumi nilipewa ruhusa kwenda kumzika babu yangu katika kijiji kilicho ndani ya msitu, kilometa 38 toka barabara kubwa. Wote tunaijua barabara kubwa, Nasiyonali ya 4, inayotoka Kisangani na kupita Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa, Komanda, mpaka Beni na Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Katika karta ya Afrika ni kipande cha njia ya kutoka Lagos mpaka Mombasa. Mwalimu wa jiografia akisema hivyo darasani watu wanaangaliana. Basi kama barabara kubwa yenyewe ni ya udongo, mtajua vile vijia vinavyotoka pembeni ni vya namna gani. Pikipiki zinapita. Gari ni mara moja kwa wiki, na wakati wa mvua hata mwezi unakwisha.

Siku ya kurudi nilipata nafasi katika Land Cruiser ya zamani iliyotumwa kumchukua mama mmoja katika posti ya afya. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku uliopita na mtoto hakukaa vizuri. Ndani tulikuwa Papa shofere, boi wake, infirmye, mama yule na dada yake, na mimi. Tuliondoka saa nane ya mchana. Mvua ilikuwa imeanguka asubuhi.

Nilifikiri tutakimbia. Kumbe Papa shofere alitembea kama mtu anayebeba mayai. Kabla ya kuondoka alizunguka gari akatoa hewa katika mipira yote mine, toka bari 2,8 mpaka karibu 1,5. Alipima kwa chombo kidogo, lakini alisema kwamba jicho lake linajua: ubavu wa mpira unapotoka nje kama shavu la mtu anayekula, inatosha. Hapo mpira unalala, unashika udongo kwa urefu, na presio inashuka karibu nusu. Sherti kukumbuka kujaza tena ukifika njia ngumu, kwa maana mpira wenye hewa kidogo ukikimbia unapata moto na kupasuka. Alikuwa na pompe ya mguu chini ya kiti. Shofere asiye na pompe asiguse hewa yake.

Halafu aliniambia neno lingine, alipoona nimekaa mbele na kushika chuma mbele yangu: "Kijana, mimi nikiwa nashika volani, gumba langu liko nje. Angalia." Ni kweli, vidole gumba vyote viwili vilikuwa juu ya volani, havikuzunguka ndani. Gurudumu la mbele likipiga mzizi au jiwe, volani inageuka ghafula na mikono yake inaweza kuvunja kidole. Yeye mwenyewe alivunjika gumba akiwa kijana, katika kamio isiyo na msaada wa volani, na halikunyoka tena mpaka leo.

Katika potopoto ya kwanza alisimamisha gari na kuzima motere. Akavua viatu, akakata kijiti, akaingia kwa miguu. Alipima kila hatua mbili. Dada wa mama alilia akisema, "Papa, muharakishe!" Akajibu pole, "Mama, mimi niko naharakisha." Alitafuta vitu vitatu: chini pako pagumu ama hapana, kuna gogo au jiwe lililofichwa, na mahali pa kutokea ng'ambo. Ilichukua dakika nne. Akarudi, akaweka katre-katre na vitesi fupi, ya pili, akaingia kwa mwendo mmoja, hakuongeza wala hakupunguza, tukapita kama vile hakuna kitu.

Sababu gani ya pili na si ya kwanza? Katika ya kwanza gurudumu linapata nguvu nyingi sana kwa ghafula na kuanza kuteleza. Gurudumu linaloteleza halishiki tena. Meno ya mpira yanajaa udongo, linakuwa laini kama sabuni, tena linachimba shimo lake lenyewe. Kwa hiyo ukisikia motere inalia na gari haiendi, toa mguu mara moja. Kila zunguko la bure ni beleshi moja ya udongo ambayo utaichimba wewe mwenyewe baadaye.

Nafikiri hapa wenzangu wa mekanike watauliza juu ya diferensiali, basi niseme. Diferensiali inagawanya mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kuume. Sherti iwepo, kwa sababu katika kona gurudumu la nje linatembea safari ndefu kuliko la ndani. Lakini ina ubaya wake: inapeleka mzunguko kwa lile lenye kazi nyepesi. Gurudumu moja likiwa katika potopoto linazunguka kama feni, na mwenzake aliye juu ya udongo mzuri anasimama kimya. Gari ya katre-katre ina diferensiali mbele na nyuma, kwa hiyo inaweza kusimama pale na magurudumu mawili yanazunguka na mawili yamelala. Wale vijana wanaosema "katre-katre haikwami" hawajatoka lami. Kuna magari yenye kifungo cha kufunga diferensiali, lakini yetu haikuwa nayo.

Daraja la magogo tulilipita kwa kumfuata boi. Alitembea kinyumenyume mbele ya gari, mikono juu, na Papa shofere aliangalia mikono ile tu, hakuangalia maji. Abiria wote walishuka, isipokuwa mama. Katika mteremko alikaa premieri ya vitesi fupi, mguu mbali na ambreyaji na mbali na freni, motere yenyewe ikashika gari. Ukikanyaga freni katika mteremko wa matope, magurudumu yanafunga na gari inakuwa mtumbwi.

Saa kumi na mbili ya jioni tulifika kwenye shimo, kilometa 11 kabla ya barabara kubwa.

Wengi wenu mnalijua. Usiku uliopita kamio moja ya mbao ilikuwa imepita pale. Mti wa barieri ya mvua ulikuwa umefungwa, kama inavyotakiwa mvua inaponyesha na saa kadhaa baada yake mpaka maji yaingie chini, lakini ulifunguliwa, na sote tunajua namna gani unafunguliwa. Kamio ile iliacha mifereji miwili ya magurudumu, kina chake kinapita goti. Kati ya mifereji ulibaki mgongo wa udongo. Magurudumu ya kamio yako mbali-mbali kuliko ya Land Cruiser, na tumbo lake liko juu. Gari ndogo ikiingia katika mifereji ile, inakaa juu ya mgongo kwa tumbo, na magurudumu yanashika hewa.

Vijana wanne walikuwa pale na mabeleshi. Papa shofere alishuka na kijiti, lakini shimo lilijaa maji mpaka juu, kijiti hakikuonyesha mgongo vizuri, na giza lilikuwa linaingia. Pembeni hapakuwa na njia, miti ya mbau iko karibu kabisa. Vijana wakasema, "Papa, bila makuta gari haitapita. Ni 20.000." Infirmye alikuwa na 8.000. Papa shofere hakubishana. Alijaribu mwenyewe, na gari ikalala juu ya tumbo.

Sasa angalieni alifanya nini kwanza, maana mimi nilikwisha kushika beleshi na kukimbilia gurudumu. Alinizuia. "Maji kwanza," akasema. Kuchimba ndani ya maji ni kazi bure, udongo unarudi. Kila shimo la barabara sherti liwe na mfereji wa kutoa maji kwenda upande ulio chini, na pale mfereji ulikuwapo zamani, yeye mwenyewe alikuwa amesaidia kuuchimba. Akatembea kandokando akautafuta kwa tochi. Aliupata. Ulikuwa umezibwa kwa udongo mpya, na alama za beleshi zilionekana bado juu yake, laini, kama mtu anapopaka nyumba.

Alisimama pale kidogo. Hakusema neno. Halafu akaanza kufungua.

Wale vijana waliposogea na kuona mama ndani ya gari, walitupa habari ya makuta. Sharti niseme kweli: walitumika kwa nguvu zote, mmoja aliingia ndani ya maji mpaka kifua kuvuta udongo chini ya tumbo la gari. Tulifungua maji. Tulichimba ule mgongo toka mbele kwenda nyuma, na kukata mteremko mdogo mbele ya kila gurudumu, si nyuma yake, kwa maana gari inatoka mbele. Tuliweka kipande cha ubao chini ya kriki ili isizame, tukainua gurudumu moja-moja na kutia miti midogo chini, iliyolala kwa kukata njia, kama ngazi. Papa shofere alikataza kabisa mtu kuingiza kichwa au mkono chini ya gari iliyo juu ya kriki. Tena alikataza kusimama nyuma ya magurudumu wakati wa kutoka, kwa sababu ule mti unaruka kama mkuki. Gari ilitoka saa tatu kasoro dakika kumi. Karibu saa tatu zilipotea.

Tulifika hospitali saa sita ya usiku. Mama alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Infirmye hakusema kwamba ni sababu ya shimo, wala mimi siwezi kusema, labda alikuwa amekufa tulipoondoka kijijini. Hakuna mtu anayejua. Lakini katika wale vijana wanne, wawili walivaa suruali ya bluu ya shule yetu.

Ninawajua. Wao wanajua kwamba ninawajua. Watu wengine wameniuliza sababu gani mimi kapita sikupeleka majina kwa Bwana Prefe. Nitajibu hapa, mbele ya wote. Nilipokuwa mwaka wa tatu, mimi mwenyewe nilikaa kwenye shimo lile juma mbili za likizo. Nilinunua madaftari yangu na viatu kwa makuta ya kamio zilizokwama. Siku moja mkubwa mmoja alinituma kuziba mfereji na nikauziba. Sikuona mama yeyote ndani ya gari siku ile, lakini hii ni bahati tu. Bwana Prefe amekwisha kusoma ukurasa huu kabla ya kupigwa stensili, na amesema tutaongea, mimi naye. Ni sawa.

Nirudi kwenye somo, maana halijakwisha. Ndugu wa mwaka wa tatu aliuliza juu ya kamio, lakini adui mwenyewe ni maji. Udongo wetu ukikauka unabeba kamio bila shida. Msitu wetu unapata zaidi ya milimeta 1.600 za mvua kwa mwaka, na maji yanayolala juu ya barabara kwa saa mbili ni mabaya kuliko mvua ya siku nzima inayoteremka. Ndiyo maana watu wa zamani walitengeneza barabara yenye mgongo: katikati juu, pande mbili chini, na kanivo pembeni, na kila baada ya mita kadhaa mfereji wa kupeleka maji msituni. Tena walikata miti pande zote mbili, si kwa uzuri, ila jua lifike chini. Chini ya mbau jua halifiki, na potopoto ya mwezi wa kumi unaweza kuikuta mwezi wa kumi na mbili. Kantonye mwenye jembe na panga, akipewa kilometa zake na kulipwa, anafanya kazi ambayo katapila haiwezi kufanya, kwa sababu katapila inakuja mara moja na kwenda. Nasiyonali ya 4 imeonyesha hivyo. Wakati wa vita, toka 1998 mpaka 2003, ilikuwa karibu imefungwa na msitu. Baada ya vita ilifunguliwa tena, kwa feza za Banki ya Dunia. Wazazi wetu walifurahi sana. Lakini mahali ambapo kanivo ziliachwa kujaa, mashimo yalirudi, na kila mtu aliyesafiri mwezi wa kumi ameyaona.

Tena kuna neno juu ya kamba, nilikuwa karibu kulisahau. Kamio ikivuta gari kwa kamba ya chuma, watu wasisimame karibu, hata kuangalia. Kamba ile ikikatika inarudi kwa nguvu ya kukata mguu. Tupa gunia lililolowa maji au blanketi katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini. Watoto wapelekwe nyuma ya miti.

Sasa tuko mwezi wa kwanza, jua linawaka na udongo ni mgumu. Mimi na wenzangu wa mwaka wa sita tulikwenda kupima lile shimo Jumapili baada ya ibada. Lina urefu wa mita 14. Upande wa chini uko kwenye kijito, mita 9 tu, kwa hiyo mfereji si kazi kubwa. Tunataka kuufungua kwa upana wa beleshi mbili, kutia mawe katika mdomo wake ili usizibike, ama usizibwe, na kukata miti midogo pande zote mbili kwa mita 5. Shoka kwa mbau kubwa hatutagusa, hiyo inataka ruhusa ya chefu.

Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mbele ya atelie. Tuko na mabeleshi saba na jembe nne. Mapanga hayatoshi, mwenye lake alete. Wale wawili wamekwisha kuniambia kwamba watakuja, na mmoja wao ndiye anayejua vizuri mfereji unapita wapi.

Kapita wa wanafunzi, finalisti wa mekanike